Cyberpunk RED: Zamu ya mdukuzi isigeuke mapumziko ya wengine

Meza nyingi za Cyberpunk RED, mchezo wa kuigiza wahusika kwa dadu, hukwama palepale: netrunner (mhusika mdukuzi) akishaingia mtandaoni, wenzake wanatoa simu. Kanuni hazina tatizo. Tatizo ni hesabu ya zamu.

Kila mhusika ana mwendo na tendo moja kwa zamu. Netrunner hulitoa hilo tendo, analipwa matendo ya NET (ya mtandaoni) kulingana na Interface yake, yaani kiwango chake cha udukuzi: 1 hadi 3 hupata mawili, 4 hadi 6 matatu, 7 hadi 9 manne, 10 matano. Mwendo wake haujaguswa, kwa hiyo anaweza kudukua huku akikimbilia nyuma ya nguzo, mradi asivuke mita 6 kutoka kwenye kituo cha kuingilia mtandao. Akivuka, anachomoka vibaya na kila Black ICE (programu ya ulinzi inayoshambulia) aliyokutana nayo bila kuiangamiza inamwachia pigo lake. Na Scanner, ya kutafutia pa kuingilia, hula tendo la kawaida. Hilo husahaulika sana.

Chukua Interface 4. Kujiunga kumekula tendo la kwanza. Mtandao hupangwa kwa ghorofa, unashuka moja baada ya nyingine. Ghorofa ya juu ina nenosiri la DV 8 (namba ya ugumu). Anajaribu Backdoor, uwezo wa kuvunja nenosiri: dadu ya pande 10 inaleta 4, ukijumlisha Interface ni 8. Amekosa! Sare ni ya anayelinda, lazima uipite DV. Tendo la tatu dadu inaleta 7, jumla 11, njia iko wazi. Zamu imekwisha, mwenye bunduki aendelee.

Black ICE ndiyo inayovuruga watu. Mkikutana tu, papo hapo mnashindana: Interface na dadu yako dhidi ya SPD (kasi) na dadu yake. Ikishinda, inakupiga kabla hujafanya lolote. Ishinde isishinde, inapanda juu kabisa ya foleni ya zamu. Hellhound, mojawapo ya Black ICE, hutoa madhara ya 2d6 (dadu mbili za pande sita) moja kwa moja kwenye ubongo, na koti lako la kuzuia risasi halisaidii kitu. Kuikwepa kwa Slide kunaruhusiwa mara moja tu kwa zamu, tena dhidi ya PER yake (uwezo wa kugundua), si SPD.

Msimamizi wa mchezo, kupata idadi ya ghorofa kwa 3d6, kama kanuni zisemavyo, huleta nyingi mno katikati ya mapigano. Weka 3 au 4, kila moja kwenye kadi iliyofunikwa, ufunue kadiri Pathfinder, uwezo wa kuchungulia ghorofa za chini, inavyofika. Chini kabisa weka kitu kinachowagusa walio nje, kama bunduki ya darini inayoweza kugeuziwa walinzi.