Usiiuze hiyo lenzi, sogea dirishani

Juzi kijana mmoja kaniandikia: "Dada, nimenunua lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, ile wanayoisifu wote. Mbona sura za watu zinatoka na ukungu? Niiuze nitafute nyingine?" Usiuze kitu, mdogo wangu. Lenzi yako haina ugonjwa. Hiyo f ni kipimo cha tundu linalopitisha mwanga: namba ikiwa ndogo, tundu ni pana. Ngoja nikueleze, na wenzako wasikie, maana swali hili haliishi.

Mimi nilianza na kamera ya kuazima, na lenzi ile ile iliyokuja nayo. Flashi sikuwa nayo. Mpiga picha mmoja mzoefu, mtu niliyemheshimu, alizipitia kazi zangu mbele za watu akasema, "Hizi ni za kuweka kwenye simu tu." Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Mwezi uliopita picha yangu ya bibi mmoja kando ya dirisha ilichapishwa kubwa ikatundikwa kwenye maonyesho, na bwana yule yule akaja kuniuliza nilitumia taa gani. Nikamjibu, "Ya Mungu." Najua si adabu. Nilijisikia vizuri mno.

Kati ya siku hizo mbili kuna kazi nyingi za kuchosha ambazo sitawasimulia. Niwape hiyo picha ya bibi.

Nilimkuta kaketi katikati ya chumba, chini ya balbu. Uso wa njano, macho yamezama kwenye mashimo meusi. Kwanza nikazima taa, kwa sababu mwanga wa balbu na wa mchana una rangi tofauti, na kamera haiwezi kuipatanisha yote miwili usoni pa mtu mmoja. Kisha nikamwomba asogee dirishani. Jua lilikuwa linapiga moja kwa moja, nikashusha pazia jeupe jepesi, na dirisha zima likageuka taa. Ukubwa wa taa ndio unaolainisha vivuli. Chanzo cha mwanga kikiwa kikubwa na kiko karibu na uso, vivuli vinayeyuka polepole. Jua la saa sita, pamoja na ukubwa wake, liko mbali mno, kwa hiyo kwa uso wa mtu ni kitaa kidogo, na vivuli vyake vinakata kama kisu. Ndiyo maana siku ya mawingu siahirishi kazi. Na nikilazimika kupiga nje mchana, namweka mtu kivulini, ukingoni kabisa, uso ukitazama palipo wazi.

"Bibi, tazama dirisha. Sasa nirudishie uso, taratibu." Alidhani namtazama macho, kumbe nilikuwa naangalia pua. Kivuli chake kilipoungana na kivuli cha shavu la upande wa giza, kikabaki kipande cha nuru chenye pembe tatu chini ya jicho. Hapo hapo, bibi. Mchoraji wa Uholanzi, Rembrandt, alichora nyuso nyingi kwa mwanga wa namna hiyo katika karne ya 17, na wapiga picha mpaka leo wanauita kwa jina lake. Ndani ya macho ya bibi yakaonekana madirisha mawili meupe, madogo kama punje. Bila nuru hiyo machoni, sura hata iwe nzuri vipi inaonekana imelala.

Sasa ukungu wako. Ukifungua hiyo lenzi hadi f/1.8 na mtu yuko mita moja mbele yako, sehemu inayotoka kali ina kina cha sentimita 3 au 4 tu kwa kamera nyingi. Kutoka jichoni hadi sikioni ni mbali kuliko hapo. Ukiiachia kamera ijichagulie, itadaka pua au kifungo cha shati. Chagua nukta moja ya fokasi, yaani pale kamera inapokaza ukali wa picha, iweke kwenye jicho lililo karibu nawe, basi. Usishike fokasi halafu ukageuza kamera kupanga picha, utalipoteza jicho. Funga lenzi hadi f/4, na kina hicho kitazidi maradufu. Kasi ya shata, yaani muda kamera inaoachia mwanga uingie, isishuke chini ya 1/200 ya sekunde, kwa sababu mtu hai huyumba. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ikipanda utapata chenga, zile punje punje kwenye picha, na chenga husameheka.

Kuna wanaoutetea ukungu wao kwa Julia Margaret Cameron, mpiga picha Mwingereza aliyepewa kamera mwaka 1863 akiwa na miaka 48, akageuza banda la kuku lenye vioo kuwa studio. Kweli, walimsema sana kwa ukungu wa picha zake, naye mwaka 1864 alimwandikia rafiki yake, mwanaastronomia John Herschel, akihoji ni nani mwenye haki ya kuamua fokasi ipi ni halali. Nampenda mama huyo. Lakini yeye alisimamisha fokasi pale macho yake yaliporidhika. Wewe umeniandikia kulalamika, kwa hiyo ukungu wako hukuutaka.

Vijana, mnakimbilia vifaa na hamjui hata jua linaingilia dirisha gani nyumbani kwenu. Tembea na mtu ndani ya nyumba asubuhi, mtazame uso unavyobadilika chumba hadi chumba, kamera ikiwa mezani. Ndipo uichukue: taa zimezimwa, f/4, jicho la karibu. Zikitoka bado na ukungu, niandikie tena, na safari hii taja kasi uliyotumia, maana ndilo swali nitakaloanza nalo.