Maji ya samaki yanafanya utando

SUALI: Assalaam alaykum. Nna tangi la samaki la lita 60 hapa nyumbani, mna samaki aina ya gapi na moli, na majani kidogo, na filta ya kuzama ambayo usiku naizima maana inapiga kelele. Kila asubuhi nakuta juu kumefanya utando kama mafuta ya supu, ukimulika tochi unatoa rangi rangi, na samaki wote wako juu wanahema. Namwaga maji yote naosha mpaka mawe, siku mbili hazifiki ushajirudi. Jirani kanambia nitie tone la sabuni utakatika. Nifanyeje? — M.S., Mikunguni

JAWABU: Waalaykum salaam. Sabuni usithubutu yakhe, hata hilo tone, inaunguza matamvua ya samaki utawazika wote.

Utando huo ni mafuta na protini za chakula, mavi na majani yanayooza, vinapanda juu na bakteria wanazaliana humo. Wenyewe si sumu, balaa lake unaziba uso wa maji hewa isiingie, na kwa joto letu hili maji yenyewe yanabeba oksijeni kidogo, kwenye nyuzi 20 lita moja inachukua kama miligramu 9 lakini ikifika nyuzi 30 ni kama 7 na nusu tu, na usiku majani nayo yanaivuta hiyo hiyo, sasa na wewe filta ushaizima. Unategemea nini asubuhi?

Kuutoa ni rahisi. Zima filta maji yatulie, laza tishu ya jikoni juu ya maji, ivute taratibu kutoka upande mmoja, itatoka na utando. Rudia na tishu mpya. Au chukua kopo ulizamishe wima mpaka ukingo ushuke kidogo tu chini ya maji, utando utajimimina wenyewe ndani.

Ila usipoyatikisa maji utarudi tu. Filta iwake usiku na mchana, mdomo wake uelekeze juu maji yafanye viwimbi. Kelele ikikushinda weka kipande cha sponji chini ya tangi, au nunua pampu ya hewa. Umeme ukikatika chota maji kwa kata uyamimine kwa juu kila baada ya muda.

Na hako kamchezo ka kumwaga maji yote acha, unaua bakteria wazuri wanaosafisha uchafu wa samaki. Robo kwa wiki inatosha, maji ya bomba yalaze kwenye ndoo wazi usiku mzima klorini itoke, na sponji ya filta ikamulie kwenye maji ya tangi uliyoyatoa, si bombani.

Chakula wape cha kumaliza dakika mbili, na mikono yenye mafuta ya nazi usiitie mle. Tangi likiwa karibu na jiko la kukaangia bajia ndo kabisa, lihamishe. Moli wanaudonoa utando huo lakini usiwategemee, hawaumalizi.

Ukiona mwengine mweupe mkavu kama unga, na maji yako ni ya kisima, hiyo chokaa. Nao unatoka kwa tishu.