Nachemsha maji, mbona meno ya watoto bado yana rangi?

SWALI: Shikamooni wataalamu. Bomani kwetu Longido tunachota lamboni, hukohuko wanakonywa ng'ombe. Lambo likikauka tunakwenda kisima cha pampu. Yote nachemsha, lakini meno ya watoto yanazidi kuwa ya kahawia. Nakosea wapi?
Mama wa watoto wanne

JIBU: Marahaba, mama. Kuchemsha kunaua vijidudu vya lamboni. Kinachotia meno rangi ni floraidi, inayotoka kwenye miamba ya volkano huko kwenu, na moto hauiondoi. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe inabaki, hivyo kikombe kinakuwa kikali zaidi.

Ya lambo yaache yatulie usiku kucha, mimina ya juu bila kutibua tope, chuja kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, kisha chemsha. Yakishatokota, dakika moja inatosha. Ukitumia kidonge cha klorini, fuata kipimo cha pakiti, subiri nusu saa, nusa. Kama hakuna harufu hafifu ya dawa, tope limeila, rudia kipimo. Wengi hutia kidonge kwenye maji yenye rangi ya chai ya maziwa, halafu wanalaumu kidonge.

Ya kisima, usiulize kama "yanafaa", uliza namba ya floraidi. Kikomo ni miligramu 1.5 kwa lita. Zamani Tanzania iliruhusu hadi 4, kwa hiyo cheti cha zamani kisikutulize. Piga pampu dakika tano, suuza chupa ya plastiki ya nusu lita mara tatu kwa maji hayohayo, ijaze, ipeleke RUWASA (wakala wa maji vijijini) wilayani.

Namba ikizidi, kisima kibaki cha kufulia, na mnywe ya mvua. Nyumba ya udongo na samadi haivuni maji. Jengeni kibanda cha bati. Paa la mita 30 za mraba, kwa mvua ya milimita 300 kwa mwaka, huleta kama lita 7,000 ukitoa zinazopotea. Kwa lita 25 za kunywa na kupikia kila siku, tangi la lita 5,000 linakwenda siku 200. Lita 30 za mwanzo wa mvua zimwageni: ni vumbi na mavi ya ndege.

Makaa ya mifupa ya kuchujia maji, kama ya kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, huondoa floraidi, ila huchoka, na bila kupima huwezi kujua. Usichome mwenyewe: mfupa usioiva hunukisha maji, uliogeuka mweupe umepoteza nguvu.

Punguza na magadi kwenye maharage, nayo yana floraidi. Maji ya mvua yakiwa machache, wapewe kwanza walio chini ya miaka minane, maana meno yao ya ukubwani bado yanajijenga. Yaliyokwisha kuota na madoa hayatarudi meupe kwa kubadili maji.