Maswali ya Wasomaji: Deni la Nyumba na Watoto wa Sekondari

*Barua za safari hii zote zimetoka Tanga, na karibu zote zinauliza jambo moja: mkopo wa nyumba unaweza kumalizwa mapema wakati watoto ndio kwanza wanaanza kugharimu?*

Shikamooni. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kange. Miaka minne iliyopita tulikopa shilingi 50,000,000 za kununua nyumba, riba asilimia 16 kwa mwaka, kwa miaka 15. Kila mwezi tunalipa 734,350. Juzi nimechukua taarifa ya mkopo, eti bado tunadaiwa milioni 45 na nusu! Tumeshalipa zaidi ya milioni 35. Tumeibiwa? Mwezi wa tano napokea upatu, milioni 3. Nikijibana naweza pia kuongeza 100,000 kila mwezi. Mkubwa anangoja kupangiwa kidato cha tano, wa pili yuko kidato cha pili, wa mwisho darasa la saba. Akiba yetu ni milioni 1. Nizitie zote kwenye deni?
*Mama Watatu, Kange*

Marahaba, mama. Hamkuibiwa. Tumepiga hesabu upya na salio lenu linatoka vilevile: 45,490,000 kasoro mia chache. Kinachouma ni namna rejesho linavyogawanywa. Mwezi wa kwanza kabisa, katika ile 734,350, riba ilichukua 666,667 na deni lenyewe, yaani deni la msingi, likapungua 67,683 tu. Leo, mwezi wa 49, riba inachukua 606,531 na deni linapungua 127,819. Mkiendelea hivihivi, ni mwaka wa 11 ndipo nusu ya rejesho itaanza kwenda kwenye deni la msingi. Ndiyo maana shilingi ya ziada ina nguvu sasa kuliko itakavyokuwa mwaka wa 12. Inaingia yote kwenye deni la msingi, riba haiigusi.

Tuanze na hiyo 100,000 ya kila mwezi. Mmebakiwa na miezi 132. Mkilipa 834,350 badala ya 734,350, mtamaliza kwa miezi 98 hivi, na riba mtakayoiepuka inapita milioni 15.

Upatu wa milioni 3 una njia mbili, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Ukilipa kwa mkupuo, benki inaweza kukuachia muda uleule ikakupunguzia rejesho, au ikaacha rejesho lilivyo na kufupisha muda. Ukichagua la kwanza, rejesho linashuka hadi 685,921, na mpaka mwisho wa mkopo mmeokoa riba ya milioni 3.4 hivi. Ukichagua la pili, miezi 20 inakatika na riba inayookolewa inafika milioni 12. Fedha ni ileile, siku ni ileile. Ofisa mikopo akikuuliza, sema: fupisha muda. Asipokuuliza, usiondoke kabla hujamwambia.

Lakini usizitie zote. Dawa ya deni kulipa, ila dawa nayo ina dozi. Una watoto watatu na akiba ya milioni 1, ambayo haifikii hata marejesho mawili. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali iliondolewa mwaka 2016, na ya cha tano na cha sita mwaka 2022. Hilo halikuondoa godoro, sanduku, shuka, ndoo, viatu, sare, nauli ya kwenda shule ya bweni mkoa mwingine na michango iliyoandikwa kwenye fomu ya kujiunga. Kidato cha tano kinafunguliwa mwezi wa saba, miezi miwili tu baada ya upatu. Wa mwisho naye ataingia kidato cha kwanza Januari.

Fedha iliyokwisha kuingia kwenye deni la nyumba hairudi. Ukikwama mwezi wa saba hutaenda benki kuwaomba wakurudishie laki tano. Utaishia kwenye mikopo ya mtaani ya kausha damu. Tuseme umekopa 500,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi: riba peke yake ni 100,000, yaani ile ziada yako ya mwezi mzima imeliwa, na deni la nyumba halijashuka hata senti.

Kwa hiyo sisi tungeugawa upatu hivi. 1,200,000 iongezwe kwenye akiba, ifike 2,200,000, karibu sawa na marejesho matatu. 800,000 ikae pembeni kwa ajili ya kidato cha tano. 1,000,000 iliyobaki ndiyo iende kwenye deni, muda ufupishwe: hiyo peke yake inakata miezi saba na ushee na kuokoa riba ya milioni 4.5 hivi. Ile 100,000 ya kila mwezi ianze Agosti, mkubwa akishafika shuleni, na ipumzike Novemba na Desemba ili kumwandalia mdogo Januari yake. Kuna watakaosema miezi miwili ya kupumzika ni uzembe. Sisi tunaona mpango unaoheshimu kalenda ya shule hudumu kuliko ule mkali unaovunjika mwaka wa kwanza.

Jambo la mwisho: hesabu zote hizi ni za riba inayokokotolewa kwenye salio linalopungua. Kama mkataba unasema riba imepigwa mara moja kwenye kiasi chote cha mkopo, kama baadhi ya vikundi na saccos wanavyofanya, kulipa mapema huenda kusikuokolee kitu. Soma kwanza.

Benki yetu waliniambia niweke tu fedha za ziada kwenye akaunti, mfumo utazikata wenyewe. Miezi mitano nimeweka 150,000 kila mwezi. Nimeangalia, deni linashuka kama kawaida na zile fedha zimekaa tu kwenye akaunti.
*Fundi, Makorora*

Mfumo umefanya ulichopangiwa: kukata rejesho, basi. Kinachozidi kwake ni akiba yako, na benki nyingine hukihesabu kama rejesho la mwezi ujao lililowahi. Kwa vyovyote deni la msingi haliguswi.

Andika barua, nakala mbili. Taja namba ya akaunti ya mkopo na kiasi, kisha uandike waziwazi: "Fedha hizi zipunguze deni la msingi. Rejesho la mwezi libaki lilivyo, muda ufupishwe." Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Kabla ya kuipeleka, fungua mkataba utafute mambo matatu: kiwango cha chini cha malipo ya ziada, siku za notisi, na tozo ya kulipa mapema. Tozo ikiwapo, na ikiwa ni ya kiasi maalumu kwa kila malipo, usipeleke 150,000 kila mwezi. Kusanya miezi sita upeleke 900,000 mara moja. Baada ya hapo omba jedwali jipya la marejesho. Tarehe ya mwisho ikiwa ileile ya zamani, barua yako haijafanyiwa kazi, rudi. Ukizungushwa, anza na malalamiko ya maandishi kwa benki yenyewe. Wasipokujibu, Benki Kuu ya Tanzania ina dawati la malalamiko ya wateja wa mabenki. Ile nakala yenye muhuri ndiyo utakayoibeba.

Assalaam alaykum. Nina milioni 5. Mkopo wangu wa nyumba una riba ya asilimia 16, umebaki miaka 8, nami nimefika 52. Ndugu yangu ananishauri ninunue hatifungani ya kijani ya Tanga UWASA, anasema ni maji yetu na faida inabaki kwetu. Mabinti wawili wako kidato cha nne.
*Mfanyakazi, Chumbageni*

Waalaykum salaam. Hatifungani hiyo, yaani hati ya kuikopesha mamlaka ya maji ya Tanga fedha za miradi ya kulinda mazingira nayo ikulipe riba, ilitolewa mwaka 2024, ya miaka 10, riba asilimia 13.5 kwa mwaka. Kwa milioni 5 ni 675,000 kwa mwaka, hata ukiipata yote bila kukatwa. Milioni 5 hiyohiyo ikilipwa kwenye deni la asilimia 16 inakuondolea riba ya 800,000 katika mwaka wa kwanza. Kwa hesabu tupu deni linashinda. Tena toleo lenyewe lilishafungwa: leo utanunua kupitia dalali kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, kwa bei ya siku hiyo pamoja na kamisheni.

Ila ndugu yako hakukosea kabisa. Hatifungani inaweza kuuzwa, deni ulilolipa huwezi kuliuza. Mabinti wawili wa kidato cha nne maana yake ni kidato cha tano mara mbili kwa mpigo, na miaka miwili baadaye chuo, pia mara mbili. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu huombwa, haupewi kila aliyeomba, na anayepewa si lazima apate asilimia zote. Tungepeleka milioni 3 kwenye deni na kuacha milioni 2 mahali zinapotoka kwa urahisi. Kwa fedha itakayohitajika ndani ya miaka miwili, hatifungani ya miaka 10 si kabati zuri: ukilazimika kuuza siku ambayo wanunuzi ni wachache, bei itakuumiza.

Na umri wako tunauangalia pia. Miaka 8 inakufikisha 60, umri wa kustaafu kwa lazima. Ukitaka kustaafu kwa hiari ukiwa na 55, deni halitakuwa limekwisha, na kiinua mgongo kitaanza kazi ya kulipa benki kabla hujakishika.

Benki imetupigia simu kutuambia tunaweza kuongezewa mkopo wa nyumba, milioni 5, tumalizie ada ya shule binafsi ya mtoto, kidato cha tano na cha sita. Rejesho litaongezeka 80,000 tu. Imebaki miaka 11.
*Baba na Mama, Pongwe*

Hiyo "80,000 tu" ndiyo ndoana. Kwa asilimia 16 ni 80,716 mara miezi 132, jumla milioni 10.65. Mtoto wa miaka 16 atasoma miaka miwili, nanyi mtakuwa mnailipa ada hiyo akiwa na miaka 27, labda naye ana mtoto. Ulizeni shule kama inapokea ada kwa awamu nne kwa mwaka. Nyingi zinakubali zikiombwa mapema na kwa barua. Ikishindikana kabisa, mkopo mdogo wa saccos wa miezi 24 utakuwa na rejesho kubwa zaidi lakini utaisha pamoja na shule. Na nyumba haitaongezewa mzigo.

Mwanangu wa kidato cha tatu anataka simu kubwa, mdogo wake anataka bodaboda ya kwenda na kurudi shule. Nikikataa wananuna, wanasema nyumba imekuwa mtoto wa tatu. Niwaambie kuhusu deni?
*Mama Wawili, Duga*

Waambie, tena waonyeshe karatasi. Kijana wa miaka 16 anaelewa hesabu za riba kuliko tunavyodhani. Ziko kwenye somo lake. Usimpe hofu ya kufukuzwa nyumbani, mpe namba.

Bodaboda: tuseme 1,000 kwenda na 1,000 kurudi, siku 22 za shule, ni 44,000 kwa mwezi kwa mtoto mmoja. Tanga ni tambarare na baiskeli haijawahi kuwa aibu hapa. Ya mtumba iliyo nzima, pamoja na kufuli, pampu na tairi moja la akiba, itajilipa ndani ya miezi michache. Kagua breki na taa ya nyuma kabla ya kulipia. Kwenye barabara kuu kuna malori.

Kuhusu simu, tenganisha kifaa na bando. Kifaa hununuliwa mara moja, bando halina mwisho. Mpe kiasi kimoja cha mwezi cha bando, vitafunwa na mafuta ya nywele, akigawe mwenyewe, kikiisha kimeisha. Usichanganye humo pedi, madaftari wala nauli ya lazima. Hivyo ni vya mzazi.

Tumemaliza! Benki imetupa barua ya pongezi. Kuna kingine?
*Wanandoa, Sahare*

Hongereni, lakini barua ya pongezi haifuti rehani. Mnahitaji barua rasmi inayosema salio ni sifuri, hati yenu halisi mkononi, na waraka wa kufuta rehani uliotiwa saini na kugongwa muhuri na benki. Waraka huo lazima usajiliwe kwa Msajili wa Hati. Anzieni ofisi ya ardhi ya mkoa. Kabla hamjatoka benki, linganisheni namba ya hati, ya kiwanja na ya kitalu, pamoja na majina yenu, herufi kwa herufi. Tarakimu moja ikikosewa usajili unakataliwa. Wiki chache baadaye ombeni upekuzi rasmi wa kiwanja. Rehani ya benki ikiwa bado imeandikwa pale, kwa mnunuzi yeyote nyumba bado ina deni.