Asidi amino moja kati ya 146: himoglobini ya selimundu

Aliyeuliza anataka kujua inakuwaje badiliko la asidi amino moja tu, yaani kimoja cha vijenzi vinavyoungana kuwa protini, livuruge protini nzima, ilhali nyingine zote ziko mahali pake. Nimefanya kazi miaka kadhaa katika maabara ya damu, kwa hiyo nitajibu kwa mfano wa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao nimeuona kwa macho yangu. Unatokana na badiliko katika himoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya seli nyekundu za damu.

Himoglobini ina minyororo minne: miwili ya alfa, kila mmoja ukiwa na asidi amino 141, na miwili ya beta yenye 146 kila mmoja. Minyororo hiyo hujikunja na kushikamana ikawa donge moja, na kila mnyororo una kishimo kilichobeba hemu, kiungo kidogo chenye atomi ya chuma, ambayo ndiyo inayoishika oksijeni. Donge hilo si gumu kama jiwe: likipokea oksijeni mapafuni huwa na umbo moja, na likiitoa kwenye misuli hujigeuza kidogo likawa na umbo jingine. Wanafunzi wengi huiruka hatua hii, nayo ndiyo kiini cha jibu.

Mwaka 1957 mwanasayansi Vernon Ingram alionyesha kwamba katika selimundu, nafasi ya sita ya mnyororo wa beta ina asidi amino iitwayo valini badala ya ile iitwayo glutamati. Glutamati ina chaji ya umeme na hupatana na maji, lakini valini huyakimbia. Nafasi hiyo iko juu ya uso wa protini, mbali na hemu, na ndiyo sababu himoglobini hiyo hubeba oksijeni bila taabu. Taabu huanza inapoitoa, kwa maana umbo linapogeuka hujitokeza kibonde ambamo valini ya molekuli jirani huingia barabara, na molekuli hushikana moja baada ya nyingine hadi zikawa nyuzi ndefu, ngumu, zinazoisukuma seli kutoka ndani mpaka ipinde kama mundu.

Maabara tulichanganya tone la damu na sodiamu metabisalfaiti, kemikali inayoiondoa oksijeni, tukalifunika kwa kioo chembamba na kuziba kingo ili hewa isipenye. Mwanzoni seli huwa za mviringo kama za mtu yeyote. Siku zangu za mwanzo niliisoma slaidi mapema mno nikaandika kwamba hakuna kitu. Mkuu wangu akairudisha kwenye hadubini baada ya nusu saa, na ncha kali zilikuwa zimejaa kila upande. Nilikuwa nimeihukumu protini kabla haijaishiwa oksijeni.

Wingi wa molekuli ndani ya seli nao una uzito mkubwa: seli ikipungukiwa maji, molekuli husongamana, na nyuzi huundwa haraka zaidi, ndiyo maana wagonjwa huhimizwa kunywa maji.

Mtoto mchanga naye huwa hana dalili kwa miezi ya mwanzo, kwa sababu himoglobini yake nyingi bado ina mnyororo wa gama badala ya beta, na gama haiingii vizuri katika nyuzi hizo. Dawa ya haidroksiyurea hufuata njia hiyo hiyo: huuchochea mwili utengeneze tena himoglobini ya utotoni, huku valini ikibaki pale pale ilipo.