Maswali kwa fundi: Tinti nyeusi na joto ndani ya gari

Swali: Shikamoo fundi. Nimenunua gari langu la kwanza, na linashinda juani kuanzia asubuhi hadi jioni. Mwanangu ana miaka miwili, kiti chake kiko nyuma. Tukiingia saa kumi, kile chuma cha mkanda hakishikiki. Nimeshauriwa nibandike tinti nyeusi kabisa, ile ya asilimia tano, vioo vyote, eti ndiyo inayokata joto. Fundi mwingine ananitajia seramiki, ambayo ni ghali zaidi. Tofauti ipo kweli, au ni maneno ya kuuzia?
*Mama wa mtoto mmoja*

Jibu: Marahaba mwanangu. Tofauti ipo, na kubwa. Nianze na hiyo asilimia tano, maana ndiyo inayowachanganya wengi. Namba inayoandikwa kwenye roli ya tinti ni kiasi cha mwanga unaopita. Tano maana yake katika kila sehemu mia za mwanga, tano tu ndizo zinazoingia. Karatasi ya sabini ukiitazama kwa mbali hujui kama ipo. Sasa, namba hiyo inakueleza utaona kiasi gani. Habari ya joto haimo.

Jua linalopiga kioo chako limebeba vitu vitatu. Mwanga tunaouona ni kama asilimia 44 ya nguvu yake. Infraredi, ambayo jicho haliioni lakini ngozi inaisikia, ni kama nusu. Kinachobaki ni kidogo, asilimia 3 hadi 5, nacho ni miale ya urujuanimno, ile inayochubua dashibodi na kuunguza ngozi. Karatasi ya bei ya chini ni plastiki iliyotiwa rangi. Rangi hiyo inazuia mwanga, lakini sehemu kubwa ya infraredi inaipita kana kwamba hakuna kitu. Tena ule mwanga iliouzuia imeumeza, kwa hiyo kioo chenyewe kinachemka. Siku moja saa nane mchana weka kiganja kwa ndani kwenye kioo chenye tinti ya namna hiyo. Utausikia moto unakuja mkononi, na moto huohuo ndio unaomfuata mtoto kwenye kiti chake.

Seramiki imetengenezwa kwa chembe ndogo mno zinazozuia infraredi na kuuacha mwanga upite. Ndiyo maana karatasi nzuri ya seramiki ya asilimia 50 inaweza kuzuia joto kuliko karatasi ya rangi tupu ya asilimia 20, ilhali unaona nje vizuri. Katikati yao kuna kaboni, ambayo haipauki na inazuia joto kwa kiasi. Kuna pia zenye madini, zinazong'aa kama kioo cha kujitazamia. Hizo zinarudisha joto vizuri, ila zinaweza kusumbua simu, redio na GPS, hasa kama antena ya gari imechorwa kwenye kioo cha nyuma.

Ukienda dukani utaoneshwa taa ya joto: weka mkono hapa kwenye kioo kitupu, sasa weka hapa penye tinti yetu. Tofauti utaisikia, lakini taa ile inatoa infraredi nyingi kuliko jua, kwa hiyo inaipendelea karatasi. Hata ile namba ya "infraredi asilimia 97" mara nyingi imepimwa kwenye kipande kidogo tu cha infraredi. Wewe uliza namba moja: jumla ya nguvu ya jua inayozuiwa. Asiyeweza kukuonesha namba hiyo kwenye karatasi ya mtengenezaji, msalimie uondoke.

Kwa gari lako mimi ningeweka seramiki ya 35 kwenye milango ya nyuma na kioo cha nyuma. Milango ya mbele fuata sheria ya mahali ulipo, na uisome kabla ya kulipa. Uingereza, kwa mfano, magari yaliyoanza kutumika kuanzia Aprili 1985 lazima vioo vya milango ya mbele vipitishe angalau asilimia 70 ya mwanga, na kioo cha mbele asilimia 75. Ujue pia kwamba kioo kitupu chenyewe hakipitishi mia. Kama kinapitisha 80 ukabandika karatasi ya 35, unazidisha: asilimia 35 ya 80 inakuwa 28, na kipima mwanga kitasoma hiyo 28. Wengi wamepigwa faini wakiapa kwamba waliweka 35, na kweli ndiyo waliyoweka.

Hiyo ya tano vioo vyote, nakuomba uiache. Niliwahi kuiweka kwenye gari langu mwenyewe, enzi naanza kazi hii, kwa sababu ilipendeza. Usiku mmoja wa mvua nilikuwa narudi kinyumenyume kutoka kwenye maegesho. Vioo vya pembeni vina matone, cha nyuma ni cheusi kama ukuta. Nikasikia kofi kwenye buti. Alikuwa kijana anasukuma baiskeli isiyo na taa, amepiga kwa kiganja ili nisimame. Sikumwona kabisa, na nilikuwa nimegeuka natazama upande ule ule aliokuwa. Nilishuka miguu ikitetemeka, nikamwomba radhi palepale kwenye mvua. Kesho yake nikaibandua. Tangu siku hiyo mteja akitaka ya tano namwomba kwanza akae kwenye gari langu usiku, nimwekee kipande kwenye dirisha, atazame nje.

Jambo jingine mwanangu. Gari likishinda limefungwa juani, hata seramiki bora itachelewesha joto tu, mwisho wake ndani kutachemka. Kinga ya kukunja kwenye kioo cha mbele itakusaidia sana, maana kile ndicho kioo kikubwa, na kile chuma cha mkanda kifunike kwa kitambaa kabla ya kushuka. Faida ya tinti utaiona mkiwa mnatembea, jua limempiga mtoto ubavuni. Na mtoto asiachwe ndani ya gari lililofungwa hata dakika chache, tinti iwe ya aina gani.

Swali: Fundi, habari za kazi. Nilinunua roli ya tinti nikabandika mwenyewe vioo vinne vya milango. Kwa mbali vinapendeza, ila ukisogea unaona vidoa kama mchanga, na kimoja kina malengelenge. Cha nyuma ndicho kimenishinda: juu na chini karatasi inafanya mikunjo kama sketi ya marinda. Nimeharibu vipande viwili. Nakosea wapi?
*Mpenda kujifanyia*

Jibu: Nzuri, kijana wangu. Kwa mtu wa mara ya kwanza kumaliza vioo vinne si haba.

Malengelenge yabonyeze kwa kucha taratibu. Yanayosogea ni maji, yaache, yatakauka yenyewe ndani ya wiki chache. Lenye kijiwe katikati ni vumbi, na hilo haliondoki mpaka ubandue. Vumbi lako limetoka sehemu tatu. Ya kwanza ni ule mpira wa chini ya dirisha, uliojaa mchanga wa miaka. Ukisukuma maji kuelekea huko, yanarudi nao. Upulizie maji na kuufuta mara kadhaa kabla hujafungua karatasi. Ya pili ni nguo zako. Ya tatu wengi hawaijui: ukiichambua ile nailoni ya mgongoni, inayofunika upande wa gundi, karatasi inashika umeme tuli na kuvuta kila uzi ulio jirani. Chambua huku mwenzako anapulizia maji upande wa gundi, bila kuacha hata sehemu kavu. Maji yawe safi, yenye matone machache ya shampuu ya watoto, ili karatasi iteleze mpaka uiridhie. Mimi hulowesha hata sakafu kabla sijaanza.

Sasa kioo cha nyuma. Cha mlango kimepinda kuelekea upande mmoja, kwa hiyo karatasi inakikubali. Cha nyuma kimepinda pande zote kama ganda la yai, na karatasi bapa haiwezi kulala juu ya yai bila kusinyazwa kwa joto. Tinti ni poliesta iliyovutwa kiwandani, na ukiipa moto inataka kurudi ilikotoka, ila inarudi zaidi kwa mwelekeo wa urefu wa roli. Hapo ndipo nadhani ulipoharibu vipande viwili: umeilaza roli kutoka kushoto kwenda kulia. Igeuze. Urefu wa roli uwe wima kwenye kioo, upana wake ndio uende kutoka kushoto hadi kulia. Utahitaji roli pana, lakini mikunjo ya juu na chini itakutii.

Fanya kazi hiyo kwa nje ya kioo, nailoni ikikutazama wewe. Lowesha kioo, tandaza, kisha bana karatasi kwa raba ya kukamulia maji katika umbo la herufi H: mstari mmoja katikati, na miwili pembeni. Mikunjo yote ikusanye isimame wima juu na chini, kama vidole. Halafu chukua mashine ya hewa moto, pitisha kwenye kidole kimoja bila kusimama. Tazama kwa makini: karatasi itaanza kukunjamana vidogovidogo, kisha ghafla inakaza na kulala. Palepale pitisha raba ngumu kutoka katikati kwenda nje. Ukiuacha moto mahali pamoja utaichoma karatasi, na kioo kinaweza kupasuka. Usiwe na haraka na kidole kikubwa; kigawe kuwa viwili vidogo. Kioo kizima kikilala kama ngozi, kata kingo, kisha ndipo uihamishie ndani.

Ukimaliza usishushe vioo vya milango siku tatu hadi tano. Mimi hubandika utepe wa gundi juu ya swichi za vioo, kwa sababu mkono una mazoea. Na usisafishe kwa dawa ya vioo yenye amonia.

Swali: Tinti ya kioo changu cha nyuma imekuwa zambarau na imevimba. Jirani anasema niikwangue kwa wembe. Ni sawa?
*Msomaji wa siku nyingi*

Jibu: Weka wembe chini, ndugu yangu. Zambarau ni dalili kwamba rangi ya karatasi imekufa, na karatasi hiyo imelala juu ya ile mistari ya kuondoa ukungu, ambayo imechapwa kwenye uso wa ndani wa kioo. Wembe ukipita mara moja, mistari imekwenda.

Tumia mvuke. Anza kona moja, upashe moto mpaka gundi ilegee, kisha vuta polepole ukifuata uelekeo wa mistari, karatasi ikiwa karibu na kioo. Usiivute kwa kuinyanyua juu. Kama huna mashine ya mvuke, lipaki gari juani, pulizia maji ya sabuni kwa ndani, funika kwa mfuko mweusi wa plastiki, uache saa kadhaa. Gundi itakayobaki isugue kwa sponji laini na maji ya sabuni, ukifuata mistari hivyohivyo.

Asubuhi yenye umande washa swichi ya kuondoa ukungu, usimame nyuma ya gari. Ukungu utaanza kufutika mstari kwa mstari. Pale ambapo mstari unabaki na ukungu, fuata kwa kidole mpaka uone ulipokatika. Ukikatika sehemu ndogo, kuna rangi maalumu yenye madini yanayopitisha umeme. Unaipaka kwa brashi nyembamba juu ya mwanya, unaiacha ikauke, unajaribu tena.