Kukopa, kuazima au kuvunja?

SWALI: Nafundisha kompyuta sekondari. Tunapotoa namba za binari, zile zinazoandikwa kwa 0 na 1 tu, mimi husema tarakimu "inakopa" kwa jirani yake, mwenzangu husema "inaazima". Kipi sahihi? Na je, 1010 tuisome "elfu moja na kumi"?

JIBU: Mwalimu, nianze na hilo la mwisho, ni jepesi. Msiisome hivyo. Elfu, mia na kumi ni majina ya idadi, si ya nafasi, na nafasi za binari, kuanzia kulia, ni za moja, mbili, nne na nane; hivyo 1010 ni nane na mbili, yaani kumi tu. Itajeni tarakimu mojamoja: moja, sifuri, moja, sifuri.

Sasa kukopa na kuazima. Ulichoazima hurudishwa chenyewe: jembe, kanga, baiskeli. Ulichokopa hutumika kikaisha, ukalipa kingine cha thamani ileile: fedha, unga, sukari. Ile moja inayotoka kwa jirani hairudi kamwe, kwa hiyo "inakopa" inakaribia zaidi. Tena azima ina utata. Anayesema "niazime kalamu" anaomba apewe. Anayesema "nimeazima kalamu" keshapewa. Mwanafunzi akisikia "nne imeazima", atajuaje kama imetoa au imepokea? Kopa na kopesha havichanganyiki.

Hata hivyo mkopo hulipwa, na hapa hakuna kinacholipwa. Mtoto makini atakuuliza deni limekwenda wapi, na atakuwa na haki. Mimi napendelea neno ambalo tunalo tayari sokoni: kuvunja. Ukivunja noti ya elfu kumi hupungukiwi na kitu, unabaki na elfu kumi ileile kwa noti ndogondogo. Hicho ndicho kinachotendeka katika kutoa. Kwenye desimali, yaani namba zetu za kila siku, nafasi ikivunjwa huzaa kumi za nafasi iliyo kulia kwake; kwenye binari huzaa mbili.

Chukua 1010 toa 11, yaani kumi toa tatu. Nafasi ya moja ina sifuri, basi vunja mbili iliyo jirani iwe moja na moja. Ondoa mojawapo, ibaki moja. Sasa nafasi ya mbili imekuwa tupu, nayo inatakiwa itoe. Jirani yake, nafasi ya nne, ni tupu pia. Hapa ndipo "kukopa" kunapowapoteza wanafunzi, maana sifuri inakopaje kwa sifuri? Kwa kuvunja, njia inaonekana: panda hadi nane, ivunje iwe nne na nne. Nne moja iache mahali pake, nyingine ivunje iwe mbili na mbili. Ondoa mojawapo, ibaki moja. Jibu ni 111: nne, mbili na moja, jumla saba.

"Kukopa" watakutana nako vitabuni, na si kosa. Ubaoni, lakini, mimi ningeandika "vunja".